Naomba ushauri: darasa langu la mablanketi ya viraka, Wales

Habari zenu ndugu zangu. Naishi kijijini karibu na Lampeter, Wales, ambako nimeanzisha darasa dogo la kushona mablanketi ya viraka kwenye ghala la zamani. Nawafundisha wanafunzi sita ushonaji wa hapa: sufu ya kondoo katikati ya vitambaa viwili, kisha mizunguko kama gamba la konokono, yote kwa mkono. Ufundi huu ulikaribia kupotea, ukafufuliwa kwa mafunzo kuanzia 1928, nami naupenda mno.

Tatizo ni majira ya baridi. Desemba giza linaingia saa kumi jioni, barabara ni nyembamba, watu hawaji, na kupasha ghala joto kunamaliza ada yote. Nifunge hadi Machi, au nihamie ukumbi wa kijiji? Waliowahi kuendesha darasa la ufundi, nisaidieni.