Ushawahi kutembelea sehemu walipofia watu? Tupeane uzoefu

Wakuu salama? Naanza mimi. Juzi nilitembeza wageni wa kutoka bara pale Mkunazini, Zanzibar, soko la watumwa lililofungwa 1873. Tukashuka kwenye vile vyumba vya chini, unaingia umeinama, dari hilo hapo kichwani, pumzi zishaanza kunibana, mara nasikia nyuma "subiri nipige moja hapa", kageuka huyo anatabasamu kabisa. Nilichukia. Tukatoka nje, kwenye zile sanamu zenye minyororo shingoni nikajikuta na mimi natoa simu. Nyie wenzangu huwa mnapiga au mnaacha?

Mngoni wa Mjini: Mi kwetu Songea. Shule walitupeleka makumbusho ya Majimaji, kuna kaburi la pamoja la wazee walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, ana lake peke yake, ila kichwa chake inasemekana kilipelekwa Ujerumani. Sisi tunagombania soda, mwenzetu mmoja kaona jina la ukoo wao kwenye orodha, hakuongea tena mpaka tunarudi. 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alivyokuja kuomba msamaha nikampigia yule jamaa wa orodha, akanijibu tu, "Kichwa cha Nduna kishapatikana?"

Mama Pacha: Nyamata, Rwanda. Nguo za waliouawa 1994 zimerundikwa kwenye mabenchi ya kanisa, kamera marufuku ndani. Dereva wetu, mwenyeji wa pale pale, hakushuka kwenye gari. Sikumuuliza.

Mgumu Asilia: Nyie mnaenda kuangalia vifo vya zamani, sisi Kilimanjaro tunakutana navyo kazini. Kuna usiku tulimshusha mgeni kutoka Kibo, mapafu yamejaa maji, yuko kwenye ile machela ya tairi moja, tunapokezana sita, anakoroma kama mtu anayesukutua, na kila tairi likigonga jiwe anashika mkono wangu. Kabla ya kambi ya Horombo mkono ukalegea. Na huyo ni mgeni, ubalozi unapiga simu, bima inalipa, akifa mgumu, yaani mpagazi kama mimi, tunachangishana wenyewe hapo getini buku buku. Asubuhi tukapishana na kundi linapanda, mama mmoja wa Kizungu anauliza mbona mmechoka hivyo, gaidi, yaani muongoza wageni, akatukonyeza, tukamwambia usingizi tu mama, pole pole.