Msaada: laptopu ya steshenari inastaki, mafundi wawili wameniambia mambo mawili tofauti

Mama Steshenari

Wakuu, habarini za wakati huu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, karibu na chuo. Kazi zangu karibu zote ziko kwenye laptopu moja: kuchapa, kuprinti, kuwajazia watu maombi ya kazi na ya mikopo mtandaoni. Niliinunua mtumba miaka miwili iliyopita. Core i5 kizazi cha sita, RAM 4GB, HDD ya 500GB, Windows 10.

Tangu mwezi wa tatu imekuwa nzito mpaka mteja anasimama dirishani, anachoka, anavuka barabara kwenda kwa jirani. Kuwaka tu ni dakika saba au nane. Nikiandika, herufi zinafika baada ya muda. Betri nayo imekufa, inasema imechomekwa lakini haichaji, kwa hiyo umeme ukiruka nayo inazima hapo hapo. Huku kwetu kuna siku unaruka mara tatu.

Fundi wa kwanza kasema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, laki na themanini. Wa pili kasema ipigwe Windows upya kwa elfu ishirini, na ninunue betri ya elfu sabini. Pesa ya kubahatisha sina, na humo ndani kuna tafiti za wanafunzi ambao wanakabidhi mwezi ujao. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Kijana wa Mbeya

Pole sana dada. Piga Windows, hiyo imejaa uchafu na virusi. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikapiga upya ikawa kama mpya.

Fundi wa Makoroboi

Dada, subiri kidogo kwenye kupiga Windows. Mashine inaweza kuwa nzito kwa sababu nne tano zinazofanana kwa nje, na kwenye mojawapo kupiga Windows kunaweza kukumalizia mafaili ya watu. Kabla hujatoa hata shilingi, fanya vitu vitatu, vyote bure.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda Performance. Kwenye CPU, yaani prosesa, niandikie spidi inayosoma kwa GHz. Kwenye Disk niandikie asilimia, inasoma MB ngapi kwa sekunde, na muda wa kujibu.

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Niambie rangi unayoiona, na namba za mistari ya 05, C5 na C6.

Cha tatu, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ripoti ya betri. Humo kuna uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa, niandikie zote mbili.

Na swali: kuna kitu chochote ulibadilisha kabla ya mwezi wa tatu? Na ikiwaka, inaleta ujumbe wowote?

Binti Tanga

Asisahau vumbi. Steshenari ina karatasi na mashine ya fotokopi, feni inaziba, prosesa inapata joto na kujipunguza spidi yenyewe. Mimi ningefungua kwanza nisafishe.

Mama Steshenari

Nimefanya vyote, imenichukua asubuhi nzima kwa ule uzito wake.

CPU inasoma 0.79 GHz. Nimeangalia kwa dakika kumi haijapanda hata kidogo. Disk ni 100%, lakini inasoma 1.2 MB kwa sekunde, na muda wa kujibu unapanda mpaka 3,000 ms.

CrystalDiskInfo ni njano, imeandika Caution. 05 ni 000000000000. C5 ni 000000000018. C6 ni 000000000000. Juu imeandika saa 21,400.

Betri: kiwandani 47,000 mWh, sasa 33,840 mWh.

Nilichobadilisha ni chaja. Ile iliyokuja nayo ilikatika waya mwezi wa pili, nikanunua nyingine. Ujumbe upo, kila nikiwasha inaandika kitu kuhusu chaja, nabonyeza F1 unaondoka. Mwenye duka aliniambia ni kawaida.

Fundi wa Makoroboi

Hapo sasa tumefika pazuri. Una matatizo mawili, na moja limelizaa lingine.

Anza na hiyo 0.79 GHz. Prosesa ya kizazi hicho inatakiwa ipande mpaka juu ya 2 GHz mara tu inapopewa kazi. Ikiganda chini ya 1 GHz ikiwa na kazi nyingi, kuna kitu kinaibana. Joto linaweza kuibana, kama alivyosema Binti Tanga, na chaja isiyotambulika nayo inaibana. Laptopu nyingi zinaiuliza chaja ina wati ngapi. Kwenye aina fulani kuna pini nyembamba katikati ya mdomo wa chaja, ndiyo inayopeleka jibu. Jibu lisipofika, mashine haijui umeme ulioko unatosha au la, kwa hiyo inaacha kuchaji betri na kuishusha prosesa hadi chini kabisa. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja yako: zidisha volti kwa ampea, uniambie.

Betri yako haijafa. 33,840 kwa 47,000 ni asilimia 72, kwa mtumba huo ni mzuri. Haichaji kwa sababu imenyimwa. Usinunue betri.

Sasa diski. C5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo diski imeshindwa kuzisoma na imeziweka pembeni zikisubiri uamuzi. Programu hiyo inaandika kwa hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo 18 unayoiona ni 24 kwa hesabu yetu. Kila Windows inapoigusa sekta ya namna hiyo, diski inarudia kusoma tena na tena, na kila kitu kingine kinangoja kwenye foleni. Ndiyo maana iko asilimia mia na huku inatoa MB moja tu. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, sekta inaweza kubaki nusu, na wewe betri yako ilikuwa haina chaji tangu mwezi wa pili. Saa 21,400 ni karibu miaka miwili na nusu ya kuzunguka mfululizo, imetumika sana.

Binti Tanga, vumbi lazima litakuwepo, ila naliweka nyuma. Mashine iliyobanwa hivi haifanyi kazi ya kuzalisha joto kubwa.

Mzee wa Data

Mwanangu, kabla ya chaja, kabla ya kitu chochote, nakili mafaili. Leo. Nimewahi kupoteza kumbukumbu za miaka kumi na moja za kikundi chetu cha kuweka na kukopa kwa kusema "nitanakili Jumamosi", na Ijumaa diski ikagoma kuwaka. Mpaka sasa kuna wajane ambao hisa zao tulizihesabu kwa kukumbukana.

Chukua flashi au diski ya nje. Anza na vitu vidogo visivyopatikana kwingine: hizo tafiti, vyeti ulivyoskani, daftari lako la madeni. Miziki na filamu ziache mwisho. Faili likigoma, lirushe, endelea na mengine, ulirudie baadaye. Na usikubali mtu aendeshe chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kukagua diski, kabla hujamaliza. Inaitembeza diski mgonjwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nimeona zikifia njiani.

Kijana wa Mbeya

Nimejifunza. Nilitoa ushauri kwa kufananisha na yangu bila kuuliza. Dada, fuata hawa.

Mama Steshenari

Nimenakili usiku kucha kwenye flashi ya 64GB. Zimehama GB 31. Mafaili mawili yamekataa kabisa, na moja ni sura ya nne ya binti mmoja wa mwaka wa tatu. Nilikaa nalo kifuani mpaka asubuhi. Nikampigia, akaniambia alikuwa amejitumia kwenye barua pepe akiwa hapa hapa dukani. Nimeshukuru Mungu.

Chaja niliyonunua ni 19V na 2.1A. Ile ya zamani bado ninayo, ni 19.5V na 3.34A.

Fundi wa Makoroboi

Ya zamani ni wati 65, hii mpya haifiki 40. Lakini usiende dukani bado. Pini inaweza kuwa nzima na tundu la kwenye laptopu likawa ndilo bovu, ukanunua chaja ya pili bure. Tafuta mtu mwenye laptopu ya aina yako, uazime chaja yake dakika kumi, uangalie GHz.

Mama Steshenari

MREJESHO. Nimeazima kwa karani wa ofisi ya kata. Ule ujumbe haukutokea. Prosesa imepanda mpaka 2.8 GHz na betri ikaanza kuchaji pale pale, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Nimenunua chaja ya wati 65 kwa 35,000, nikaijaribu pale pale dukani kabla ya kulipa.

Ila sasa limekuja jipya. Baada ya nusu saa feni inapiga kelele sana na sehemu ya juu ya kibodi inachoma vidole. Programu ya joto inasoma nyuzi 96.

Fundi wa Makoroboi

Haya, Binti Tanga, sasa ni zamu yako. Prosesa imefunguliwa, na vumbi lililokuwa limejificha limejionyesha.

Binti Tanga

Dada, zima kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na kitu cha kwanza kabla ya vyote chomoa waya wa betri. Toa skrubu za feni. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba utakuta kitu kama kitambaa, hayo ni mavumbi ya karatasi yaliyoshikana. Toa kwa mkono au kibanio, usiyapulize ndani. Ukitumia brashi au upepo, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke kwa kasi.

Ukishainua kile chuma cha prosesa, pesti ya zamani, ile ya kupitishia joto, lazima uifute na uweke mpya. Tumia spiriti ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha pesti kiasi cha punje ya mchele. Na ukiwa ndani iangalie betri. Ikiwa imevimba, usiiguse kwa kitu chenye ncha, niambie kwanza.

Fundi wa Makoroboi

Ukifungua, tazama kama diski ni ya inchi 2.5. Ikiwa ndiyo, nunua SSD ya SATA, yaani diski isiyo na sahani za kuzunguka, 256GB inakutosha. Usinakili diski yote kwa mkupuo kuipeleka mpya, zile sekta mbovu zitakwamisha. Weka Windows safi, kisha rudisha mafaili yako kutoka kwenye flashi. Hapo ndipo kupiga Windows kunapofaa.

Mama Steshenari

Mrejesho wa pili. Kile kitambaa kilikuwa kweli, kimeziba upana wote. Betri haijavimba. Joto sasa ni 71 nikiwa nachapa na kuprinti. SSD nimeipata kwa 65,000, kijana wa hapa jirani kanisaidia kuweka. Inawaka kwa sekunde 18, nimehesabu kwa saa ya ukutani. Chaja na diski ni laki moja kamili, na mazabodi ni ile ile.

Je, nipande Windows 11? Na RAM?

Fundi wa Makoroboi

Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, yako ni ya sita. Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma 14 Oktoba 2025, kwa hiyo jiandikishe kwenye nyongeza ya masasisho ya usalama inayoishia 13 Oktoba 2026. Unaingiza taarifa za watu, usikae bila masasisho. RAM ongeza ukipata nafasi, 4GB na kivinjari cha siku hizi haviendani. Task Manager itakuonyesha nafasi ngapi zimetumika. Kwanza soma iliyomo ni DDR3L au DDR4, kizazi chako kina zote mbili na haziingiliani.

Mama Steshenari

Ahsanteni sana. La mwisho: ile diski ya zamani naweza kuitumia kubebea mafaili?

Mzee wa Data

Hapana mwanangu. Na usimuuzie mtu wala usiitupe jalalani kama ilivyo. Humo kuna vyeti vya watu, namba za NIDA, nywila za maombi yao. Ifunge kwenye kitambaa kizito, uipige nyundo mpaka uisikie imevunjika ndani. Sahani za diski za laptopu mara nyingi ni za kioo, kwa hiyo funika macho.

Mama Steshenari

Nimeelewa mzee. Nitaifanya leo nikifunga duka.