Naombeni ushauri: chaneli yangu ya bunduki za kale iko mbioni kufutwa

Mjukuu wa KAR: Wakuu, habari za humu. Nipo Texas mwaka wa 9 sasa. Nina chaneli ya video kwa Kiswahili, naelezea bunduki za kale walizobeba babu zetu. Babu yangu alikuwa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana Burma, na Lee-Enfield aliyokuwa akiisimulia ndiyo iliyonifanya nianze. Ndani ya wiki 6 nimekula straiki 2, yaani adhabu za jukwaa kwa kuvunja masharti. Ya tatu ikija, miaka 4 ya kazi inakwenda na maji. Silali. Video ya mwisho waliyoiondoa ni ya kusafisha mtutu tu, hakuna risasi hata moja iliyopigwa. Jukwaa silitaji. Nifanyeje?

Bwana Shamba: Mkuu achana na bunduki, geukia parachichi. Mimi Njombe nilianza na miche 40, watu walinicheka. Leo nikipiga picha ya tunda tu napata simu za wanunuzi.

Nyamizi: Pole kaka. Ila mtoto akiona hizo video je? Wangu ana miaka 7, simu anaijua kunishinda.

Fundi Video: Video ya kusafisha haiondolewi hivihivi. Kwenye maelezo ya chini umeandika nini?

Mjukuu wa KAR: Maelezo ya kawaida. Historia, mwaka wa kutengenezwa, magazini inabeba risasi 10.

Fundi Video: Na linki?

Mjukuu wa KAR: Sawa, ipo linki ya duka moja la hapa jirani, pamoja na namba ya punguzo. Wanauza bunduki na vipuri. Mtu akinunua napata kamisheni kidogo. Lakini duka lina leseni na sheria za Marekani zinaruhusu! Kamisheni hiyo ndiyo inayonilipia risasi na ada ya renji, uwanja wa kulengea shabaha.

Fundi Video: Basi tatizo ni hilo, ungelitaja tangu mwanzo. Sheria ya nchi ni kitu kimoja, masharti ya jukwaa ni kingine. Angalia YouTube: Machi 2018 walikaza video za kuuza silaha, zikiwemo zile zenye linki za kupeleka watu kwenye tovuti zinazouza. Kufundisha kutengeneza bunduki au kizuia sauti nako hakuruhusiwi. Juni 2024 wakaongeza: kuonyesha namna ya kuondoa kifaa cha usalama marufuku, na video za silaha za kujitengenezea au za kumimina risasi mfululizo ni za miaka 18 kwenda juu. Bunduki ya babu yako haina shida. Linki ndiyo iliyokuponza.

Kisiki cha Mpingo: Mwaka huohuo 2018 jamaa wa InRange TV walipeleka video zao za bunduki Pornhub, ile tovuti ya ngono. Siyo utani.

Nyamizi: Astaghfirullah! Kaka, usije ukampeleka babu yako huko.

Mjukuu wa KAR: Siwezi. Ila nimeshafungua chaneli ya pili kwa imeili ya mke wangu, video 2 zimepanda. Naona ni akiba tu, siyo kosa.

Fundi Video: Ni kosa! YouTube ukiwa na straiki hai halafu ukapandishia video kwenye chaneli nyingine, wanahesabu umekwepa adhabu, wanaweza kufuta zote. Na kufuta video iliyokupa straiki hakuiondoi straiki. Tulia siku 90 ziishe, pitia maelezo ya video zote, toa kila linki ya duka.

Mzee wa Kahawa: Mnahangaika bure, hii chai. Mwezi wa 8 huyuhuyu aliuliza humu bei ya pikipiki ya bodaboda Kahama. Leo yuko Texas na bunduki ya Mwingereza? Na asiye raia anamilikije silaha?

Bwana Shamba: Leteni maandazi.

Mjukuu wa KAR: Pikipiki ilikuwa ya shemeji yangu, hela nilituma mimi. Nina grini kadi.

Dada wa Minnesota: Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kwa sheria ya shirikisho. Wanaobanwa ni wenye viza za muda, nao mwenye leseni ya uwindaji hupata msamaha.

Mzee wa Kahawa: Hayo yapo mtandaoni. Mtutu wa Lee-Enfield unasafishwaje?

Mjukuu wa KAR: Risasi za .303 za zamani, kile kiwashio cha kitakoni huacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayaitoi. Unachomoa bolti, unaweka faneli kwa nyuma, unamimina maji yanayochemka mpaka yatoke mdomoni. Mtutu unakuwa wa moto, huwezi kuushika bila kitambaa. Unapitisha kitambaa kikavu kwa kamba, ndipo mafuta. Babu alisema wasipofanya hivyo jioni, asubuhi kutu imeshaingia.

Mzee wa Kahawa: Nisamehe, mdogo wangu. Baba yangu naye alitoka Burma. Kila Jumapili alikuwa akichemsha maji, anamimina kwenye mtutu wa gobori lake la kuwindia, na hakutueleza kwa nini. Video hiyo naipata wapi?

Mjukuu wa KAR: Ndiyo hiyo waliyoiondoa, mzee. Njoo PM, nikutumie faili. Chaneli ya pili nimeifuta sasa hivi.