Mtaalamu wa usemi akae hospitali au aende chekechea?

Baba Pacha, Nyamasaria: Wanakisumu na majirani, mtaalamu wa usemi anayelipwa kwa kodi yetu angoje watoto kliniki au awafuate chekechea? Mimi nasema awafuate. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti hospitali zake, likaipa na chekechea. Shule ya msingi ni ya serikali kuu, na vile vituo vya EARC (vya tathmini na rasilimali za elimu) vilivyoanza 1984 kupima watoto wenye ulemavu viko chini ya Wizara ya Elimu. Ndiyo maana mtoto wa darasa la pili hupigwa danadana: EARC inaandika apelekwe tiba ya usemi, hospitali inampa tarehe ya mbali, shule inasema hayo ni ya hospitali. Lakini wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea? Mwalimu wake na mtaalamu wote ni waajiriwa wa kaunti moja. Hata gari ni la kaunti. Sheria gani inamzuia mtaalamu kutoka kliniki kila Jumanne na Alhamisi?

Mama wa Ahero: Kaka, nakubali nusu. Wangu ana mtindio wa ubongo, miaka mitatu, hajaketi bado. Shida yetu haikuwa maneno, ilikuwa uji. Kila kijiko anapaliwa, nimonia mara mbili. Mtaalamu akanionyesha kumketisha wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, uji mzito kuliko niliozoea (wangu ulimfaa hivyo, wa mwingine apimwe kwanza). Dakika ishirini tu! Sikuwa najua "daktari wa kuongea" anashughulika na kumeza. Sasa akihamia chekechea, sisi wa kubeba mgongoni atatukuta wapi? Kliniki nayo ni matatu kwenda na kurudi, na makanga akiona mtoto hakai mwenyewe anataka nauli ya kiti kizima.

Mwalimu wa PP2, Kakamega: Aje, ila asije na picha zake zile. Kuna mtoto wangu alipimwa mjini, akaonyeshwa mtu wa theluji. Akanyamaza. Akaandikiwa kwamba lugha yake imechelewa. Theluji Kakamega! Nyumbani anaongea Kiluhya, uwanjani Kiswahili, na akianza habari za ng'ombe wa babu yake humnyamazishi. Halafu nina watoto hamsini. Mtu akija saa moja kwa mwezi atanisaidia nini?

Baba Pacha: Mwalimu, hayo ya theluji ndiyo sababu namtaka kwako, akuulize wewe unayemsikia mtoto kila siku. Wala asimtibu saa moja akaondoka. Akufundishe kutengeneza kadi za picha kwa yule asiyesema kabisa, aweze kuonyesha choo au maji, na akuzoeze kumsubiri mtoto ajibu kabla darasa halijamjibia.

Muuguzi, Nakuru: Mnagawana mtu mmoja kama mandazi. Nimefanya kazi hospitali ya umma miaka tisa, wataalamu wa usemi nimewaona wawili tu, mmoja akiwa mwanafunzi wa mazoezi. Wodini nina wagonjwa wa kiharusi wasioweza kumeza. Huyo wenu akiwa chekechea siku mbili, nani ataniambia mgonjwa yuko salama kunywa maji? Tena SHA, bima ya afya ya serikali, hulipa kituo ilichoingia nacho mkataba. Saa zake za chekechea zitaandikwa kwenye bili ya nani?

Baba Pacha: Hilo la bili sina jibu. Bajeti ya kaunti, labda. Nitaliuliza bunge la kaunti likiita wananchi kutoa maoni.

Mama wa Ahero: Sista, wa kiharusi simnyimi. Ila mzee akilazwa, ukoo mzima unajaa wodini kumtetea, wangu namtetea peke yangu. Asubuhi moja tu kwa mwezi, mtaalamu aje zahanati siku ya chanjo. Mimi nitakuwa pale hata hivyo, na kitinda mimba mkononi na huyu mgongoni.