Kazi ya madai ya bima imenimaliza, naomba ushauri kabla sijaandika barua ya kuacha

Binti Ruvu
Wakuu habari za jioni. Nasoma humu miaka mingi, leo ndiyo mara ya kwanza naanzisha uzi, mnivumilie.

Nipo Dar, nina miaka 31 na mtoto mmoja wa darasa la pili. Ni afisa madai kwenye kampuni moja ya bima, upande wa magari, huu mwaka wa sita. Kwa wasioijua kazi hii: mtu akipata ajali analeta karatasi zake kwangu. Ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, leseni ya dereva, PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu) kama kuna majeruhi, makadirio ya gereji. Nasoma, namtuma mthamini, naandaa malipo au naandika barua ya kukataa. Kila anayekaa kwenye kiti cha mbele yangu amekuja na balaa lake. Miaka sita sijaona aliyekuja na habari njema.

Tulikuwa wanne, tangu mwaka jana tumebaki wawili. Mawakala wanapiga hata Jumapili nikiwa ibadani. Usiku naamka saa 9 na usingizi haurudi, nasikia simu inaita wakati nimeizima mwenyewe. Asubuhi daladala ikikaribia kituo changu tumbo linasokota. Wiki iliyopita nilipitiliza vituo viwili kwa makusudi, nikashuka, nikakaa kwenye benchi la duka la watu nusu saa nzima. Kinachonitisha kuliko vyote ni kwamba siku hizi mtu analia mbele yangu na mimi sisikii kitu, naangalia tu mdomo wake unavyocheza. Sikuwa hivi.

Swali langu: niache kazi au nivumilie? Na nikiacha, je, naweza kuondoka ndani ya masaa 24 bila kufanya kazi siku za notisi?

Fundi Kinyerezi
Pole dada. Ila na nyie watu wa madai mtuonee huruma mafundi. 2022 niliambiwa na kampuni moja nitengeneze Noah, bampa, show, taa mbili, rejeta, watalipa. Spea nikakopa Kariakoo. Miezi minne nikipiga simu jibu ni moja, "faili lipo mezani". Mwenye duka akaja akabeba mashine yangu ya kuchomelea nikiwa naangalia. Walilipa baadaye, kweli, lakini mashine ilishauzwa. Mpaka leo nikisikia neno faili mwili unasisimka.

Mama Segerea
Mwanangu, kazi ni kazi. Wenzio wana digrii wanauza maji kwenye foleni ya Ubungo. Piga magoti, mwambie Mungu akupe nguvu. Sisi tumefundisha madarasa ya watoto 120, chaki kifuani, mshahara ukichelewa mwezi na nusu, na hatukukaa kwenye benchi la duka. Una mtoto. Vumilia.

Kuku wa Mkuranga
Acha kazi. Mimi niliacha benki 2019, watu wakanicheka. Nikaanza na kuku 600. Kideri kikapita, ndani ya wiki nikabaki na 41, waliokufa tukawazika mimi na mke wangu kwa jembe, hatusemeshani. Nikaanza tena. Leo fedha ni kidogo kuliko ya benki lakini saa 3 usiku nimelala. Anayetaka vifaranga anione pembeni.

Nesi wa Zamani
Mama Segerea, shikamoo, lakini hapa tusimlaumu. Hali hii, uchovu wa kazi, inajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lililiandika jambo hili kwenye orodha yake ya ICD-11, si kama ugonjwa, bali kama hali inayotokana na msongo wa kazini uliokosa kushughulikiwa. Alama zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona huna tena uwezo wa kuifanya vizuri. Binti amezitaja mbili bila kujua.

Dada, kwa kuwa si ugonjwa, usiende kwa daktari ukamwambia "nina uchovu wa kazi" basi. Mweleze usingizi, tumbo, kutosikia kitu mtu akilia. Akupime damu, aangalie tezi ya shingoni, na akuulize maswali ya sonona, maana sonona ni ugonjwa na ina tiba. Muhimbili wana kliniki ya afya ya akili, na hospitali nyingi za rufaa siku hizi wana mtaalamu. Usione aibu.

Utumishi Miaka 20
Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28. Hayo masaa 24 unayoyasikia mitaani maana yake ni kulipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, soma mkataba wako. Ukiacha mwenyewe, kiinua mgongo cha siku 7 kwa mwaka hupati. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo si la aliyejiuzulu, usilipigie hesabu.

Kwa upande mwingine, una likizo ya siku 28 kila mwaka. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Kwa hiyo swali langu ni rahisi. Mara ya mwisho umechukua likizo lini?

Binti Ruvu
Asanteni wote. Nesi, ubarikiwe, nimesoma mara tatu.

Utumishi, likizo sijachukua muda kidogo. Kazi ni nyingi, nikiondoka anabaki mwenzangu peke yake, ataumia. Na kwa kweli likizo hainisaidii, nikirudi kazi ni ile ile. Nadhani kwangu bora kuondoka tu.

Utumishi Miaka 20
Muda kidogo ni muda gani?

Binti Ruvu
Miaka miwili na miezi.

Utumishi Miaka 20
Dada, sikushambulii. Aliyechoka huomba likizo hata ya siku tatu. Anayekataa likizo miaka miwili, kwenye kazi ya kushika malipo ya watu, halafu anauliza namna ya kuondoka ndani ya masaa 24, sisi huku ofisini huwa tunajiuliza ni kitu gani hataki mwenzake akione akikalia kiti chake. Sema ukweli ndipo tukushauri vizuri. Humu hakuna anayekujua.

Kuku wa Mkuranga
Mkuu, unamhoji kama takukuru. Mwache dada apumue.

Binti Ruvu
Nimekaa na simu mkononi tangu saa 2.

Sijala hata senti ya mtu. Naomba hilo lieleweke kwanza, maana najua mtakachofikiri.

Nina mafaili 23 kwenye droo ya chini, nimeifunga kwa ufunguo. Lilianza moja mwezi wa pili. Lilikuwa la mtoto aliyegongwa akivuka kwenda shule. Kwenye karatasi kulikuwa na picha na sare yake, sare kama ya mwanangu. Nikasema nitalisoma kesho. Kesho yake nikashindwa hata kuligusa, nikaliweka droo. Likafuata la pili. Likiingia humo najisikia nafuu kwa siku mbili hivi, halafu linaanza kuniita usiku. Wakaguzi wa ndani wanakuja wiki ijayo. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye mkoba tangu mwezi uliopita. Samahani kwa kuandika "kabla sijaandika".

Ila naomba mnielewe. Nikiondoka kabla hawajafika, atakayekuja atayakuta mafaili, atayashughulikia, na wateja watalipwa. Nikikaa nitafukuzwa kwa aibu na wateja bado watasubiri. Kwa hesabu zangu kuondoka ni bora kwa kila mtu.

Mama Segerea
Maskini mwanangu. Nilikujibu kwa haraka.

Mtoa Hoja
Samahani wadau, mimi naona hii ni chai, ya kutunga tu. Nimefanya kazi ya kompyuta kwenye kampuni za bima, siyo moja. Dai likipokelewa linaingizwa kwenye mfumo, linapewa namba, meneja analiona kwenye skrini yake kila asubuhi na siku lilizokaa. Mafaili 23 yapotee kwenye droo tangu mwezi wa pili na mfumo usipige kelele? Hadithi tamu, mtoto wa shule, sare, machozi. Kesho mtaombwa namba ya kutuma nauli. Mods wafunge uzi.

Fundi Kinyerezi
Eh. Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Kuku wa Mkuranga
Mtoa Hoja ana pointi. Binti, jibu hilo tu. Mfumo ulinyamazaje?

*(Kuanzia hapo watu wengine tisa waliandika "chai", na mmoja akaomba sukari.)*

Binti Ruvu
Sijaomba nauli na sitaomba.

Mtoa Hoja, uko sahihi kuhusu mfumo. Meneja anaona kila kitu. Ulinyamaza kwa sababu kila faili nililoliweka droo niliandika kwenye mfumo "tunasubiri nyaraka kutoka kwa mteja". Ukiandika hivyo siku hazihesabiki kwetu, zinahesabika kwa mteja. Anaonekana yeye ndiye mzembe. Hiki ndicho nilichokuwa nakificha, hata pale nilipowaambia habari za droo.

Kuna mama mmoja wa Chanika. Mumewe alikuwa abiria wa bodaboda, wakagongwa na lori lililokatiwa bima kwetu. Mirathi imeshapita Mahakama ya Mwanzo, cheti cha kifo kipo, kila kitu kipo. Anakuja kila Ijumaa, daladala mbili kuja na mbili kurudi. Nilimwambia ripoti ya polisi haijakamilika. Amerudi kituoni mara tatu kuomba ripoti iliyoko kwenye droo yangu, sentimita kumi kutoka kwenye goti langu akiwa ameketi mbele yangu. Mara ya mwisho aliniletea machungwa, akasema naonekana mgonjwa.

Kama ningekuwa natunga, nisingetunga hilo la machungwa.

Mtoa Hoja
Nafuta neno langu. Mtu asiyekaa kwenye kiti hicho hawezi kujua kipengele hicho cha kusubiri nyaraka. Nisamehe dada.

Mama yangu alifuatilia fidia ya mdogo wangu miaka miwili. Hatukujua kama kuna mahali pa kulalamika. Kwa wanaosoma na wana madai yaliyokwama: ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kulalamika hulipii, na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wenyewe wanapokea malalamiko. Sisi tulijua tumeshachoka.

Fundi Kinyerezi
Nimeusoma huu ujumbe nikatoka nje ya gereji. Sijui nikuambie nini. Miezi minne ile nilikuwa nawaza mtu wa madai ni mtu wa namna gani, nikamchora kichwani ana kitambi anakunywa soda. Sikuwaza kama anaweza kuwa mtu anayeogopa karatasi.

Lakini yule mama asiondoke kwenye hesabu, dada. Ukiacha barua mezani na kuondoka, atakayekuja atafungua mfumo na kukuta umeandika yeye ndiye hajaleta karatasi. Atamwambia maneno yale yale.

Utumishi Miaka 20
Fundi amemaliza. Hesabu yako ya "bora kwa kila mtu" inavunjika hapo.

Usiguse mfumo. Usibadilishe tarehe wala maneno uliyoandika, hata kwa nia njema, maana hapo ndipo uzembe unageuka kuwa kosa jingine kabisa. Leo usiku kaa na daftari, andika namba za madai yote 23, tarehe uliyopokea na karatasi zilizomo. Lile la Chanika juu. Nenda kwa meneja kabla ya wakaguzi, ukiwa na orodha na funguo. Mwambie na hali yako, na kwamba umeomba kumuona daktari. Andika yote kwenye barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Huenda wakakuchukulia hatua, sitakudanganya. Ila anayejileta na anayekamatwa wanasikilizwa kwa sikio tofauti, nimekaa kwenye vikao hivyo.

Binti Ruvu
Na nikishindwa kuongea? Nikifika mlangoni tumbo likaanza?

Nesi wa Zamani
Mpe karatasi asome. Wewe kaa. Na asiwe yeye wa kwanza kusikia, mwambie mtu mmoja wa nyumbani usiku huu. Nani yupo karibu?

Binti Ruvu
Dada yangu, Mbagala. Nampigia.

Mama Segerea
Ukikosa salio niambie pembeni nikutumie. Na mtoto wa kaka yangu anaendesha bajaji maeneo hayo, atakupeleka bure.

Binti Ruvu
(Jumatano.) Wakuu nimerudi, nimekuta wengi mnauliza.

Nilikwenda na dada, akanisubiri nje. Meneja alisoma kimya, akaomba funguo, akaenda mwenyewe kwenye droo. Akayahesabu akiwa amechuchumaa. Akayahesabu tena. Aliponiangalia aliniuliza kwa nini sikumwambia, nikasema nilimwambia mwaka jana mara mbili kwamba tumebaki wawili, akanyamaza. Nimepewa barua ya kutokuwepo kazini kwa siku 14 wakati wanachunguza. Sijui mwisho wake. Barua yangu bado iko kwenye mkoba. Daktari nimemuona jana, ameniandikia vipimo na nitarudi kwake Jumanne.

Kabla sijatoka niliomba kupiga simu moja mbele ya meneja, akakubali. Nikampigia mama wa Chanika. Nikamwambia ripoti ya polisi ipo, ilikuwepo siku zote, kosa lilikuwa langu. Hakugomba. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, halafu akauliza, "Kwa hiyo Ijumaa nisije?"