Tochi ya kichwani ya betri moja au mbili: ipi inafika asubuhi?

Nyavu_Majanji
Wadau habari za jioni. Niko Majanji, Busia ya upande wa Uganda, kazi yangu ni mukene, hao wenzetu mnaowaita dagaa. Taa kubwa za kuvutia samaki zinatumia betri ya volti 12, hizo hazinisumbui. Kinachonisumbua ni tochi za kichwani za vijana wangu. Wanaingia ziwani saa moja jioni na kurudi saa kumi na moja alfajiri, na tochi zinawafia usiku wa manane, wakati ndio kwanza wanavuta wavu.

Dukani nimeonyeshwa aina mbili. Moja ina betri moja kisogoni, nyingine ina mbili zimelazwa pamoja kwenye kikasha. Zote zinatumia zile betri nene kuliko kidole zilizoandikwa 18650. Muuzaji anasema ya betri mbili inakaa mara mbili, kwa hiyo bei nayo imepanda. Betri zenyewe zimeandikwa 9900 mAh. Mwenye uzoefu anisaidie, nichukue ipi? Hapa mwaloni hatuna umeme wa laini, tunachaji kwenye kibanda cha sola kwa kulipia kila kifaa.

Bombo77
Chukua ya mbili. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

FundiKatwe
Bombo77, ingekuwa hesabu ya darasa la pili mimi nisingekuwa na kazi.

Mzee wa Majanji, tuanze na hiyo 9900. mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba, na namba hiyo ni uongo wa karatasi. Namba 18650 ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ndani ya mwili huo hata viwanda vikubwa vya Japani na Korea haviwezi kuingiza zaidi ya kama 3500 au 3600 mAh. Panasonic wana moja ya 3400, LG wana ya 3500, Samsung wana ya 3000 inayotoa umeme mwingi zaidi kwa mpigo. Ukiona 5000, 6800, 9900 kwenye 18650, aliyeandika alikuwa na wino mwingi. Nikizipima hapa kibandani nyingi zinatoa 1000 au chini ya hapo.

Kwa hiyo betri moja ya kweli inaweza kuzishinda mbili za uongo, na bado utabaki na chenji ya chai.

Nyavu_Majanji
Duh. Sasa nitaitambuaje ya kweli nikiwa dukani bila mashine?

FundiKatwe
Uzito. 18650 nzuri ina gramu 45 hadi 50. Za uongo huwa nyepesi sana, 30 hivi. Nimewahi kuchana zilizokuwa na kibetri kidogo ndani na unga umejazwa kuziba nafasi, lakini hizo ni chache. Tumia mizani ndogo ya jikoni au ya sonara. Usije ukaniambia umepimia mizani ya mukene, ile gramu 50 haizioni.

Dada_Busia
Mimi nauza vifaa vya simu mpakani. Naongeza kwamba betri nzuri haina haja ya kujisifu. Ikiandikwa namba ya ajabu pamoja na neno "ULTRA", rudisha kwenye rafu. Nyingi nzuri zinazofika kwa mafundi zimetolewa kwenye betri za laptopu. Hizo ni za kweli lakini zimeshatumika, na baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500 betri ya namna hii hubaki na kama asilimia 80 ya nguvu zake. Zinafaa, ila usilipie bei ya mpya.

Arua_Sola
Nijibu swali lenyewe sasa, maana tumehamia kwenye feki.

Betri ni mafuta, taa ni karabai. Ukiwa na madebe mawili ya parafini lakini karabai yako ina tambi mbili, asubuhi itakukuta gizani kama yule wa debe moja. Ndicho kinachotokea kwenye tochi nyingi za betri mbili: kiwanda kimeongeza betri, halafu kikaongeza na ukali wa taa ili boksi liandikwe namba kubwa ya mwanga.

Tazama hesabu. Betri moja ya 3000 mAh kwa volti 3.6 ina wati-saa 10.8, hiyo ndiyo jumla ya mafuta yake. Mbili zina 21.6. Taa ikivuta ampia 1, betri moja inakupa saa tatu hivi. Ukiunga mbili sambamba, yaani zikigawana mzigo wa taa ileile, utapata saa sita. Lakini tochi ya betri mbili ikivuta ampia 2 umerudi kwenye saa tatu zako. Mwanga umeongezeka, muda uko palepale.

Usiku wako ni saa kumi. Betri moja ya 3000 itafika asubuhi taa ikivuta ampia 0.3 tu. Mbili zitafika kwa 0.6. Hapo ndipo faida yako ilipo.

Bombo77
Sawa, nimekubali. Lakini taa ya 0.3 si itakuwa kama kimulimuli?

Arua_Sola
Hapana. Jicho la binadamu halihesabu mwanga kama mita. Ukipunguza mwanga nusu, mtu aliyeko kazini huona umepungua kidogo tu. Kushika kamba, kuangalia wavu na kutoa maji kwenye boti ni kazi za mwanga mdogo. Ule mkali ni wa kutafuta boya kwa mbali, dakika mbili unarudisha chini. Vijana wengi wanawasha ule mkali tangu wanaposukuma boti kwa sababu unapendeza. Hapo hata uwape betri nne.

Mkenya_Kampala
Niongezee kidogo. Niliishi Uingereza, na huko hizi 18650 zinatumika sana kwenye sigara za umeme, za betri moja na za mbili. (Hapa msianze kunitafuta inbox, kuingiza na kuuza vitu hivyo Uganda kumepigwa marufuku na sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015.) Ubishi wao ulikuwa huuhuu wa kwenu. Mtu ananunua ya betri mbili halafu analalamika haikai. Ukimuuliza, zamani alikuwa anaiweka wati 40, sasa anaiweka 80. Kila betri inabeba mzigo uleule wa zamani, kwa nini ikae zaidi?

Ila waliobaki kwenye wati 40 walipata zaidi kidogo ya mara mbili. Wati 40 kwa betri moja ni ampia 11 hivi, na betri ikikamuliwa hivyo volti zake zinashuka haraka na nguvu nyingine inapotea kama joto. Zikigawana, kila moja inatoa tano na nusu, inapumua. Kwa tochi yenu inayovuta ampia moja tofauti hiyo ni ndogo, msiitegemee.

FundiKatwe
Hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalijui kabisa, na ndilo linaloua tochi nyingi za betri mbili za bei nafuu. Betri mbili zinaweza kuungwa kwa njia mbili.

Sambamba: chanya na chanya, hasi na hasi. Volti zinabaki 3.6, mAh zinajumlishwa. Mfululizo: chanya ya moja inaingia kwenye hasi ya nyingine. Volti zinakuwa 7.2, mAh zinabaki za betri moja. Nguvu ya jumla ni ileile, ila inategemea taa inaipokeaje.

Taa moja ya LED nyeupe inataka volti 3 hivi. Tochi nzuri ina saketi inayoshusha 7.2 kwa akili, inavuta ampia kidogo kutoka kwenye betri na unapata muda wako wote. Ya bei nafuu imewekewa rezista tu, kile kidude cha kuzuia umeme. Ile ziada ya volti nne inachomwa kuwa joto. Maana yake umenunua betri mbili, umezichaji mbili, na muda ni wa betri moja. Kikasha kinakuwa cha moto, basi.

Fungua kikasha uangalie. Betri zote mbili zikielekea upande mmoja, kwa kawaida ni sambamba. Zikipishana, moja kichwa juu na nyingine chini, ni mfululizo. Angalia pia chaja yake: ikiandikwa volti 8.4 ni mfululizo, 4.2 au 5 ni sambamba. Kwa kazi yako na bei utakayolipa, chukua sambamba.

Nyavu_Majanji
Fundi, hili sikuwahi kulisikia popote. Nilizoonyeshwa nadhani zinapishana. Nitaangalia tena.

Swali lingine: je, nisichukue tu za betri moja nikawapa vijana betri ya akiba mfukoni? Naona ni rahisi zaidi.

Arua_Sola
Kwa hesabu za fedha, ndiyo. Tochi ya betri moja na akiba moja ni mafuta yaleyale, na kichwa kinabeba nusu ya uzito. Mimi ningefanya hivyo.

Mvuvi_Ssese
Arua_Sola, heshima yako kaka, lakini wewe uko nchi kavu.

Nimevua upande wa Kalangala miaka mingi. Betri ikizima katikati ya kuvuta, mikono ina maji na magamba, boti linayumba, taa kubwa iko kwenye maji mita kadhaa. Unafungua kifuniko, unatafuta upande wa chanya kwa kupapasa. Betri ya kwanza inadondoka ziwani, ya pili inaingia ikiwa imelowa. Halafu akiba imekaa mfuko mmoja na ufunguo na sarafu, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Chuma kikigusa chanya na ile ganda ya nje iliyochanika, betri inapiga shoti na kuwaka moto mwilini mwa mtu. Na ukiwa ndani ya boti, moto huo unaukimbilia wapi?

Kama ni lazima akiba, iwe kwenye kikasha chake cha plastiki, na abebe nahodha peke yake. Wanaovuta wavu wavae za betri mbili zisizofunguliwa mpaka ufukweni.

Arua_Sola
Nakubali, la mikono yenye maji sikuliwaza. Basi mgawanyo wako ni mzuri: wavutaji betri mbili, nahodha betri moja na akiba.

Dada_Busia
Jamani na kuchaji je? Mwenzetu amesema analipia kibandani na hakuna aliyemjibu. Chaja nyingi za tochi hizi zinatoa ampia 1 kwenda chini. Betri ya 3000 inahitaji zaidi ya saa tatu kujaa. Mbili sambamba kwenye chaja hiyohiyo zinahitaji zaidi ya sita. Kibanda kikikuchajia saa mbili kisha kikakwambia "tayari", tochi yako ya betri mbili itaingia ziwani na theluthi ya mafuta, utakuja hapa kututukana. Na wengine wanachomoa wakiona taa ya kijani kwenye waya, si kwenye tochi.

Nyavu_Majanji
Dada umenigusa penyewe. Kibanda chetu kinapokea vitu saa tatu asubuhi, mchana foleni ya simu ni ndefu, wanazungusha. Kumbe huenda hata hizi za sasa hazijawahi kujaa.

Dada_Busia
Huenda. Kabla hujanunua chochote, jaza moja mpaka ijae kweli, iwashe mezani kwa mwanga wa chini, uangalie saa. Usisubiri izime kabisa, andika muda ambao huwezi tena kuona fundo la wavu. Hao wa viwandani wanaofuata ANSI FL1, kipimo rasmi cha tochi, wanahesabu mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ulivyoanza, ndiyo maana "saa 12" za kwenye boksi nyingi zake ni za giza.

FundiKatwe
Jambo la usalama, kisha nirudi kwenye kazi. Ukinunua za betri mbili, betri ziwe pacha: aina moja, umri mmoja, zimenunuliwa pamoja, zinachajiwa pamoja. Usichanganye mpya na ya laptopu. Kwenye mfululizo, dhaifu ikiisha kwanza ile nyingine inaendelea kuisukuma mpaka inageuzwa chaji, na hapo ndipo zinapovimba au kuwaka. Kwenye sambamba, ukitia iliyojaa pamoja na tupu, iliyojaa inamiminia mwenzake kwa kasi ambayo hakuna anayeidhibiti. Ziandike kwa kalamu isiyofutika, 1 na 1, 2 na 2. Vijana wakizitoa zote na kuzichanganya kwenye beseni, utazijua.

Na ganda la plastiki likichanika, hata kidogo, usilifunike na selotepu. Lete kwa fundi tulivishe jipya, ni kazi ya dakika.

Nyavu_Majanji
Nimerudi wadau. Nimepita dukani leo. Zile za kwanza kweli zinapishana na chaja yake ni ya 8.4, nimeziacha. Duka la pili wana za sambamba, nimechukua mbili kwa ajili ya wavutaji wa boti kubwa, kikasha tupu bila betri. Betri nitaagiza kwa fundi Kampala. Nahodha anabaki na ya betri moja na akiba kwenye kikasha. Mwenye kibanda nimempa hela ya ziada azichomeke asubuhi na asiziguse mpaka saa kumi jioni, amenuna lakini amepokea.

Siku za mbalamwezi huwa hatutoki, mukene hawafuati taa. Betri nizihifadhi vipi siku hizo?

Arua_Sola
Zisikae zimejaa mpaka juu wala zisiwe tupu. Karibu nusu, volti 3.7 au 3.8 ukiwa na mita, na mahali pa kivuli. Bati la jua la mchana linazizeesha kuliko ziwa. Zijaze siku moja kabla ya kutoka.

Mvuvi_Ssese
Na uzitoe kwenye kikasha siku hizo, unyevu wa ziwa unakula spring. Futa ncha zake kwa kitambaa kikavu.