Henry Laurens wa South Carolina: mpinga utumwa, au dalali aliyejua kuandika barua?

Kalamu Nyekundu:
Waungwana, salaam. Katika mjadala wetu uliopita kuhusu waasisi wa Marekani, mchangiaji mmoja alimweka Henry Laurens miongoni mwa wapinga utumwa wa mwanzo wa kusini, na ushahidi wake ulikuwa barua ya tarehe 14 Agosti 1776, ambamo Laurens alimwandikia mwanawe John, aliyekuwa akisoma sheria London, kwamba anauchukia utumwa. Barua hiyo ipo, na sibishani nayo. Lakini aliyeiandika ndiye yule mshirika wa kampuni ya Austin na Laurens, ambayo katika miaka ya 1750 pekee ilisimamia uuzaji wa Waafrika zaidi ya 8,000 katika bandari ya Charleston, na ndiye aliyekuwa wakala wa Richard Oswald, mmoja wa wamiliki wa ngome ya watumwa ya kisiwa cha Bunce, Sierra Leone, akikata kamisheni ya takriban asilimia 10. Alipofariki mwaka 1792, mashamba yake ya mpunga yalikuwa bado yanalimwa na watumwa. Naomba tujibizane kwa hoja: mtu huyu tumhesabu upande gani?

Bahari Tulivu:
Ndugu Kalamu, umeuliza swali huku jibu umelishika mkononi. Laurens alijitoa katika biashara ya kuuza watu tangu miaka ya 1760, wakati ambapo ilikuwa bado inalipa vizuri, na hakuna aliyemlazimisha. Katika barua hiyo hiyo anasema kwamba anatafuta njia ya kuwaandikia huru wengi wa watu wake, na kwamba sheria na desturi za nchi yake zinamzuia. Huyu ni mtu aliyetia saini Tamko la Uhuru, akahatarisha shingo yake mbele ya mfalme. Ni rahisi mno kwa mtu aliyejinyoosha sebuleni, simu mkononi, kumhukumu mtu wa zama zake kwa vipimo vya zama zetu.

Mwanasheria Mstaafu:
Kuhusu sebule, ningependa ndugu Bahari Tulivu afahamu kwamba wengine tulitumia miaka mingi ya ujana wetu tukisoma nyaraka kwa mwanga wa kandili, na hatuhitaji kufundishwa adabu ya historia na mtu ambaye hajui nani alitia saini nini. Laurens hakutia saini Tamko la Uhuru. Wajumbe wa South Carolina waliotia saini walikuwa Rutledge, Heyward, Lynch na Middleton. Laurens alikuwa nyumbani, naye aliingia Kongresi, baraza la majimbo yaliyoasi, mwaka uliofuata na kuchaguliwa kuwa rais wake Novemba 1777.

Ama hizo "zama zake", ni zama zipi hasa? Mwaka ule ule wa 1776 Waquaker, madhehebu ya Kikristo, wa Philadelphia waliwapiga marufuku waumini wao kumiliki watumwa. Mwaka 1791, Laurens akiwa hai, Robert Carter wa Virginia alisajili hati ya kuwaacha huru watu zaidi ya 450. Na waliokuwa watumwa, je, hao hawakuwa na zama? Januari 1766, wazungu wa Charleston walipokuwa wakipiga kelele za uhuru kwa sababu ya kodi ya stempu waliyotozwa na Uingereza, baadhi ya watumwa nao walipita mitaani wakipaza neno hilo hilo, na mji ukawekwa chini ya ulinzi wa silaha kwa siku kadhaa. Aliyetuachia habari hiyo katika barua zake ni Laurens mwenyewe.

Bahari Tulivu:
Nashukuru kwa kandili. Ningeshukuru zaidi kama msomi wetu angetaja pia yale yasiyomfaa. Mwaka 1778 John Laurens alimwomba baba yake ampatie vijana wa kiume kutoka katika watumwa wa familia, wahesabiwe kuwa sehemu ya urithi wake, ili awaunde kikosi cha askari watakaopata uhuru kwa kupigana. Mzee alikuwa na mashaka mwanzoni, lakini baadaye aliliunga mkono wazo hilo, na Machi 1779 Kongresi ikapendekeza askari weusi 3,000 waandikishwe South Carolina na Georgia. Bunge la jimbo lake ndilo lililokataa. John aliuawa tarehe 27 Agosti 1782 karibu na mto Combahee, katika mapigano madogo ambayo hayakubadilisha lolote katika vita. Kabla ya hapo mzee alikamatwa baharini mwaka 1780 akielekea Uholanzi, akafungwa katika Mnara wa London kwa takriban miezi 15, na Waingereza hawakuona haya kumdai gharama za malazi yake. Mtu aliyelipa kiasi hicho anastahili kusikilizwa kabla ya kutukanwa.

Binti Mvuvi:
Kaka Bahari, hakuna aliyemtukana. Mimi nitamtaja mtoto mmoja tu, kwa kuwa nyote mnazungumza kwa maelfu. Mwaka 1756 meli iitwayo Hare, iliyotoka Newport, Rhode Island, iliteremsha Charleston shehena ya watu kutoka Sierra Leone, na waliosimamia mauzo walikuwa Austin na Laurens. Katika shehena hiyo alikuwamo msichana wa miaka ipatayo 10, ambaye mnunuzi wake, Elias Ball, alimwandika katika daftari la shamba kwa jina la Priscilla. Mnunuzi huyo alikuwa shemeji yake Laurens, kwa kuwa Laurens alimwoa Eleanor Ball mwaka 1750. Daftari zilihifadhiwa vizuri kiasi kwamba wazao wa Priscilla wamefuatiliwa kizazi baada ya kizazi, na mwaka 2005 mmoja wao alikwenda Sierra Leone akapokewa kwa heshima. Jina ambalo wazazi wake walimwita halimo. Hayo ndiyo "aliyojitoa" baadaye, baada ya kupata mtaji wa kununua shamba la Mepkin.

Mpita Njia:
Mnabishana bure. Mtu huyu aliagiza katika wosia wake kwamba maiti yake ichomwe moto mpaka iteketee. Huenda alijua anakokwenda akaamua kutangulia kuzoea.

Bahari Tulivu:
Huu ndio utani unaoshusha hadhi ya mjadala. Laurens aliogopa kuzikwa akiwa hai. Binti yake Martha, alipokuwa mtoto mchanga, alipatwa na ndui akadhaniwa amekufa, akalazwa tayari kwa mazishi, kisha akazinduka. Baba aliyeona jambo hilo ana haki ya kuagiza analotaka juu ya mwili wake. Alichomwa Mepkin Desemba 1792, na majivu yake yakazikwa hapo.

Mpita Njia:
Ana haki juu ya mwili wake, naam. Je, na ile miili mingine aliyoiamulia?

Mwanasheria Mstaafu:
Mpita Njia amefanya mzaha, lakini amegusa mahali. Kuna mtu mwingine aliyechomwa Charleston: Thomas Jeremiah, mtu mweusi huru, mvuvi na rubani wa meli bandarini. Mwaka 1775 alishtakiwa kwamba alikuwa akiwaandaa watumwa kuwasaidia Waingereza, akahukumiwa bila baraza la wazee wa mahakama kwa sheria ya mwaka 1740 iliyowekwa kwa ajili ya watu weusi, akanyongwa tarehe 18 Agosti na mwili wake ukachomwa. Gavana Campbell, aliyewekwa na mfalme wa Uingereza, alijitahidi kumwokoa, akashindwa. Laurens, aliyekuwa kiongozi mkuu wa wazalendo mjini humo, alimwandikia John siku mbili baadaye kwamba ameridhika kuwa Jeremiah ana hatia. Mwaka mmoja kasoro siku chache, mwandishi huyo huyo akamwandikia mwana huyo huyo kwamba anauchukia utumwa.

Bahari Tulivu:
Na msomi wetu amesahau kusema kwamba Jeremiah mwenyewe alimiliki watumwa. Tukimhurumia yeye, kwa nini tusimhurumie Laurens?

Binti Mvuvi:
Kwa sababu Laurens hakunyongwa, kaka.

Kalamu Nyekundu:
Naomba turudi kwenye swali. Nimeisoma tena barua ya 1776, na kinachonikera si neno "kuchukia", bali hesabu inayofuata. Laurens anamweleza mwanawe kwamba watumwa wake wote wakipelekwa mnadani kesho yake wangeleta pauni 20,000 kwa uchache, kisha anajiuliza watoto wake watasema nini akiwanyima mali kubwa hivyo. John alijibu kwa kumuunga mkono. Kizuizi hicho, kwa hiyo, kilikuwa kimeondoka tangu mwaka huo, na mzee aliishi miaka 16 zaidi.

Tena kuna jambo la Paris. Tarehe 30 Novemba 1782 mkataba wa awali wa amani kati ya Marekani na Uingereza ulipokuwa tayari kutiwa saini, Laurens, aliyefika dakika za mwisho, ndiye aliyeomba kiingizwe kifungu cha kuwakataza Waingereza wasiondoke na watu weusi au mali nyingine ya Wamarekani. Mjumbe wa Uingereza upande wa pili wa meza alikuwa Richard Oswald, yule yule wa Bunce, aliyewahi kumdhamini Laurens atoke kifungoni. Alikubali bila shida. Kama Jenerali Carleton, mkuu wa majeshi ya Uingereza, asingekaidi huko New York mwaka 1783, akidai kwamba waliokwisha kuahidiwa uhuru hawahusiki na kifungu hicho, watu wapatao 3,000 walioandikwa katika daftari lake wangerudishwa kwa mabwana zao. Badala yake walipelekwa Nova Scotia, na mwaka 1792, miezi kadhaa kabla Laurens hajafa, baadhi yao walikuwa miongoni mwa watu wapatao 1,200 waliovuka bahari kwenda kuanzisha Freetown, chini kidogo ya mto uliobeba kisiwa cha Bunce.

Bahari Tulivu:
Kifungu hicho Benjamin Franklin, mjumbe mwenzake wa Marekani, naye alikitia saini, na miaka mitano baadaye alikuwa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Mbona yeye hamumtaji?

Mwanasheria Mstaafu:
Fungua mjadala wake. Hapa tunamzungumzia Laurens.

Bahari Tulivu:
Nitaufungua, na nina hakika wewe ndiwe utakayekuwa wa kwanza kuujibu kabla hujamaliza kuusoma.